Ufundi wa Kukusanya Watu: Mhadhara juu ya Mvuto wa Mastaa, Ukitazamwa Kutoka Delta ya Rufiji

Kuna hukumu moja juu ya mastaa wa muziki ambayo wasomi na wazee huitoa kwa sauti moja, na hao ni watu ambao mambo mengine hawaelewani. Hukumu yenyewe inasema kwamba wimbo ni kitu kimoja na mbwembwe zake ni kitu kingine: mvue staa miwani ya jua, ondoa msafara wa magari, wacheza shoo, moshi wa jukwaani na ugomvi wa mitandaoni, na kitakachobaki ndicho sanaa. Mara nyingi, wanaongeza, kitakachobaki ni kidogo. Nimekuja kuipinga hukumu hiyo. Ninavyoona mimi, kwa watu wa pwani hii mbwembwe hazikuwahi kuwa ganda la sanaa. Zilikuwa sanaa yenyewe, ufundi wa kuwakusanya watu waliotawanyika hadi wajione kuwa umati. Wimbo ni zana mojawapo ya kazi hiyo, sawa na mavazi, cheo, mwendo, ushindani na fedha. Ushahidi nitautafuta hapa hapa, kati ya Kibiti na midomo ya mto Rufiji, eneo ambalo wanaoandika juu ya muziki wa Tanzania hulipita dirishani wakienda Mtwara.

Tuanze na maji. Mto Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika mikono mingi, na kati ya mikono hiyo ndipo ulipo msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Anayetoka Nyamisati kwenda Salale, Mbwera, Msala au Kiongoroni husafiri kwa chombo, na chombo hungoja maji. Boriti za mikoko hii zilipakiwa majahazini kwa karne nyingi zikaenda kubeba dari za nyumba za Uarabuni, kwa hiyo delta haikuwa imejitenga na dunia; ilikuwa imejitenga yenyewe kwa yenyewe, kijiji na kijiji. Huko bondeni nako, wakulima wa mpunga walihamia mashambani msimu mzima, kila familia kwenye dungu lake, wakiwinga ndege mchana na kulinda nguruwe na viboko usiku. Mwaka 1968, baada ya mafuriko makubwa, serikali ilianza kuwahamishia wakazi wa bonde kwenye ardhi ya juu katika vijiji vya ujamaa, miaka kadhaa kabla ya operesheni za namna hiyo kufika sehemu nyingi za nchi. Hata hivyo wengi waliendelea kurudi bondeni wakati wa kilimo, maana mpunga hauhamishwi kwa amri. Nayasema haya kwa sababu mtu wa Kariakoo huamka akaukuta umati mlangoni, na anaweza kudhani kwamba umati hujitokea wenyewe. Deltani hautokei. Lazima awepo mtu au jambo la kuwatoa watu kwenye madungu na visiwa vyao, wakubali kupoteza usiku mmoja wa kulinda shamba, wakubali kungoja maji yajae ndipo warudi. Anayeweza kulifanya hilo ana ujuzi, na ujuzi huo ulithaminiwa muda mrefu kabla ya kipaza sauti.

Ngoma za pwani zilikuwa na mbinu za wazi za kuutekeleza ujuzi huo. Mdundiko wa Wazaramo, jirani zetu wa kaskazini, ni ngoma inayotembea. Haiwangoji watazamaji uwanjani, huwafuata mitaani na kuwabeba njiani, hata mtu aliyetoka kununua chumvi akajikuta mtaa wa tatu. Katika jando na unyago kulikuwa na mafundi wa ngoma walioitwa kutoka mbali kwa sababu ya sifa zao, na mwenye shughuli alijivunia kumpata fundi huyo kabla hata hajapiga. Sifa ilimtangulia mpigaji, na sifa hiyo ilikuwa sehemu ya onyesho. Watu walikuwa wameanza kusisimka tangu siku waliposikia kwamba fulani anakuja. Mwandaaji wa tamasha anayebandika picha ya staa kwenye nguzo za umeme wiki tatu kabla anafanya jambo lile lile kwa karatasi.

Mfano mzito zaidi ni beni. Ngoma hii ilizaliwa Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka pwani yote, ikafika bara. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1975, na kitabu hicho kingefaa kusomwa na kila anayedhani kwamba ushabiki wa Team Diamond na Team Kiba, makundi ya mashabiki wa mastaa wawili wa leo, ni balaa la zama za intaneti. Beni ilikuwa na vyama viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Marini kilikuwa na jina la chama cha watu wenye nacho, Arinoti cha wasio nacho. Kila chama kilikuwa na sare, gwaride, tarumbeta pale zilipopatikana, na ngazi ya vyeo kuanzia mfalme na jenerali hadi kapteni. Vita Kuu ya Kwanza, ile ile iliyoiingiza manowari ya Kijerumani Königsberg kujificha katika delta yetu na kuizamisha humo Julai 1915, ndiyo iliyoisambaza beni kupitia askari na wapagazi wa pande zote mbili. Baada ya vita watawala wa Kiingereza waliichunguza wakihofia kwamba gwaride la Waafrika linaficha uasi. Waafrika waliosoma nao waliilaumu kwa sababu nyingine: inapoteza fedha, inawaingiza watu katika madeni kwa karamu za kukomoana, inaiga wazungu. Sikilizeni lawama hizo vizuri, kwa sababu ni zile zile, hoja kwa hoja, zinazotolewa leo dhidi ya kijana anayekopa ili akodi gari la kuonekana nalo katika video. Lakini mchukuzi wa mizigo aliyeitwa jenerali Jumamosi jioni hakuwa amechanganyikiwa. Alijua kwamba Jumatatu atarudi gatini. Alichokuwa akifanya ni kuichukua picha ya mamlaka iliyokuwa juu yake, kuivaa, na kuonyesha mbele ya watu wake kwamba inavalika. Leo tunaye msanii anayeitwa Simba, yupo anayeitwa King Kiba, yupo anayeitwa Jeshi, wanatembea na walinzi na misafara inayofanana na ya viongozi wa serikali, na mashabiki wanaelewa kabisa kwamba wanatazama mavazi ya mamlaka juu ya mtoto wa Tandale au wa Mtwara. Utamu upo hapo hapo. Angekuwa mtoto wa waziri, ule msafara ungekuwa msafara tu.

Kuna jina jingine la Rufiji ambalo linagusa jambo hili, nalo nalitaja kwa tahadhari. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoka majini, kwa masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na wanahistoria Gwassa na Iliffe, akiwa na nguvu ya pepo Hongo, na watu wakaanza kumiminika Ngarambe kwa makundi kutoka pande za Matumbi na mbali zaidi, wakitembea kwa mpangilio, wakipewa maji ya dawa. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga huko Mohoro. Simuiti Kinjikitile staa, na atakayeondoka hapa akisema nimemfananisha na msanii wa bongo fleva atakuwa amenisikia vibaya. Ninachokichukua kutoka kwake ni kimoja. Kabla risasi hata moja ya Vita vya Maji Maji haijapigwa, makabila na vijiji visivyokuwa na mtawala mmoja vilikuwa vimeshaonana uso kwa uso katika safari ya kwenda kumwona mtu mmoja. Ebrahim Hussein alipoiandika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, aliiona nguvu hiyo na hatari yake: neno likishatolewa mbele ya umati, mtoaji hawezi tena kulirudisha. Ufundi wa kukusanya watu si mchezo, na historia ya eneo hili ina makaburi ya kuthibitisha.

Hapa msikilizaji makini ataniuliza juu ya sauti zisizo na sura. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, na santuri zake zikasikika mahali ambapo yeye mwenyewe hakukanyaga. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1979, alipendwa na maelfu ambao hawakuwahi kumwona. Walimjua kwa Radio Tanzania na betri. Kama watu wanaweza kumpenda mwimbaji kwa sauti tupu, je, mbwembwe si nyongeza tu? Pingamizi hili ni zito kuliko yote nitakayoyataja, na lina jibu la sehemu mbili. Kwanza, gramafoni na redio za zama hizo hazikuwa vitu vya mtu mmoja. Santuri zilipigwa barazani na mikahawani, redio ilikuwa moja kwa nyumba nyingi, na aliyekuwa nayo alikuwa mkusanyaji mdogo kwa haki yake mwenyewe. Pili, pale sura ilipokosekana watu waliitengeneza. Siti, binti mfinyanzi wa ukoo wa utumwa aliyeimba katika majumba ya wakubwa, aligeuka simulizi kabla Shaaban Robert hajamwandikia wasifu, na simulizi hiyo ndiyo iliyobeba kazi ambayo leo inafanywa na video: kumpa msikilizaji mtu wa kumtazama akilini, aliyetoka chini akapanda, aliyekejeliwa akajibu. Nakubali kwamba sauti inaweza kusafiri peke yake. Ila ikifika hutafuta mwili, na wasikilizaji wasipopewa mwili huuunda.

Sasa nije kwenye fedha, maana katika ngoma na taarabu za pwani fedha haikai mlangoni peke yake. Huingia uwanjani na kucheza. Mwanaanthropolojia Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kilichotokana na utafiti wa Tanga, alionyesha kwa undani jinsi mwanamke anayenyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji wa taarabu anavyoweza kuugeuza ubeti kuwa ujumbe wake. Anainuka kwenye ubeti aliouchagua yeye, anapita mbele ya aliyemkusudia, noti mkononi, mwendo wa taratibu, na ukumbi mzima unajua nani kasemwa. Mwimbaji hajataja jina la mtu. Wimbo wa mapenzi umekuwa shauri la mtaa. Kwa maoni yangu jambo hili linaeleza zaidi juu ya ustaa kuliko nadharia nyingi zilizoandikwa Ulaya na Marekani, ambazo humwona shabiki kama mtu aliyekaa gizani akitamani kuwa mwingine. Kwetu shabiki hakai gizani. Staa ni jukwaa ambalo juu yake mashabiki wanasemezana wao kwa wao, na thamani ya staa hupimwa kwa wingi wa mambo ambayo watu wanaweza kuyasema kwa kupitia kwake. Wimbo mbaya kwa kipimo hiki ni ule usioweza kumsaidia mtu yeyote kumwambia mwenzake chochote.

Ushahidi mkubwa kuliko wote wa hoja hii ni mwanamke aliyeiwakilisha Rufiji bungeni. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma la Bomba kabla hajawa mwanasiasa. Alikuwa staa kwa maana kamili ya mahali pake na wakati wake: jina linalojaza uwanja, sauti inayojulikana mitaa yote ya Waafrika. Mwaka 1955 TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, ilipohitaji wanawake, ilimfuata yeye, na yeye hakuanza kwa kutafuta wanawake mmoja mmoja. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma wenzake, ambao kila mmoja alikuwa na watu wake, sare zake na nidhamu yake ya kuitana. Susan Geiger, aliyewahoji Bibi Titi na wenzake kwa kitabu chake cha mwaka 1997, ameeleza jinsi maelfu ya wanawake walivyoingia chamani kwa njia hiyo. Wanaume wasomi wa TANU walikuwa na katiba na barua. Wanawake wa ngoma walikuwa na namna iliyokwisha kujaribiwa ya kuwatoa watu majumbani. Hawakuacha mbwembwe nje ya mlango wa siasa. Waliingia nazo, na mkutano wa hadhara wa Tanzania, pamoja na sare zake, nyimbo zake na msimulizi wake wa jukwaani, umebaki na sura ya ngoma hadi leo. Kila chama kinachopeleka wasanii kwenye kampeni kinarudia, kwa gharama kubwa zaidi, kile ambacho Bomba ilikifanya kwa vigelegele.

Wanaoamini kwamba ustaa huwapofusha watu hawana budi kulitazama jambo lililofuata. Mwaka 1965 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, wagombea wawili wa TANU karibu kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Bibi Titi, waziri mdogo, mama wa taifa kwa heshima ya wengi, alishindwa Rufiji. Hakuwa peke yake, hata Paul Bomani, waziri wa fedha, alianguka mwaka huo. Lakini yeye ndiye aliyekuwa staa, na watu wa huku, ambao bila shaka wangejaa uwanja siku yoyote kumsikia, walikwenda kwenye sanduku la kura wakafanya hesabu nyingine. Mambo yaliyomkuta baadaye, kukamatwa mwaka 1969, kifungo cha maisha kwa kesi ya uhaini, kuachiwa mwaka 1972, na hatimaye jina lake kupewa barabara kubwa ya Dar es Salaam, ni mada ya siku nyingine. Kwangu hapa inatosha kwamba wapiga kura wa Rufiji walijua tofauti kati ya kukusanywa na kuongozwa. Jambo hilo hilo limeonekana tena karibuni kwa wasanii wawili wa muziki: Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, aliingia bungeni kutoka Mbeya mwaka 2010, Joseph Haule, yaani Professor Jay, kutoka Mikumi mwaka 2015, na mwaka 2020 wote wawili hawakurudi. Wapo watakaosema uchaguzi huo ulikuwa na mambo yake, na sitabishana nao. Hata hivyo haiwezekani kudai kwamba jina la kimuziki ni uchawi unaozima akili ya raia.

Pingamizi la pili ni la soko. Inasemwa kwamba beni na lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, zilikuwa za watu, ila staa wa leo ametengenezwa: ana meneja, lebo, wadhamini wa soda na simu, na kiki zilizopangwa ofisini. Ni kweli ana vyote hivyo. Lakini anayedhani zamani hapakuwa na mtaji aulize nani alinunua tarumbeta za beni na nani alilipa ng'ombe wa karamu. Kilichobadilika ni ukubwa wa fedha na umbali wa mwenye fedha. Na kiki, hilo tusilifanyie unafiki. Pwani yote imelelewa na majibizano ya washairi na waimbaji yaliyochochewa makusudi ili watu wajae Ijumaa inayofuata. Jambo jipya kweli ni simu. Wengi wanasema simu imeua kadamnasi kwa sababu kila mtu anasikiliza na earphone yake. Mimi naona kinyume. Miaka ile ya memori kadi, kijana wa Bungu alikwenda kwenye kibanda cha fundi simu kuwekewa nyimbo, akazipata zile zile alizopata mwenzake wa mbele yake, na kibanda kikawa baraza. Leo chini ya kila video kuna namba ya watazamaji, na namba hiyo ndiyo umati unaojitazama. Mwaka 2020 Diamond Platnumz alipotangazwa kuwa msanii wa kwanza kusini mwa Sahara kufikisha watazamaji bilioni 1 YouTube, mashabiki walisherehekea namba kama vile wao ndio waliokimbia, na kwa kweli ni wao. Chama cha Arinoti kingeielewa furaha hiyo bila kufafanuliwa.

Pingamizi la maadili nitalipitia haraka, si kwa sababu ni dogo bali kwa sababu limeshasemwa sana. Sherehe za vigodoro zinazokesha, viuno, maneno ya chumbani yanayosikiwa na watoto: wazazi wana haki ya kukereka, na halmashauri ina haki ya kupanga saa za spika. Ila tazameni ni nini hasa kinachoadhibiwa. Desemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliwafungia Diamond na msanii mwenzake Rayvanny baada ya kuuimba jukwaani, jijini Mwanza, wimbo uliokuwa umepigwa marufuku. Mwezi uliofuata adhabu ikaondolewa. Wimbo ule ulikuwa tayari kwenye maelfu ya simu, na simu hazikufungiwa. Kilichoitia serikali hasira ni kuimbwa mbele ya watu, pamoja na watu. Mamlaka zinajua, pengine kuliko wahakiki wetu, kwamba wimbo na mkusanyiko si kitu kilekile, na kwamba nguvu iko katika cha pili.

Watu wa Kibiti wanaijua thamani ya mkusanyiko kwa njia ambayo hakuna msomi angependa kuifundisha. Katika miezi ile ya mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi, Mei 2017 polisi walipiga marufuku bodaboda kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Sababu za usalama zilieleweka. Lakini shughuli za huku ni za usiku, na mtu wa kijiji cha ndani hana usafiri mwingine wa kumfikisha kwenye harusi au ngoma na kumrudisha. Amri ya usafiri ikawa, kwa matokeo yake, amri juu ya kuonana. Anayesema burudani ni anasa ya watu walioshiba afikirie jamii ambayo kila mtu yuko ndani kwake gizani, hajui jirani anafikiri nini, na hana mahali pa kulitazama kundi lake na kupima kama bado ni kundi.

Baada ya kuutetea ustaa kiasi hiki, niseme pale ninapoona unakosea, maana hoja yangu haimpi staa leseni. Katika ngoma na taarabu, anayekusanywa ana njia ya kujibu. Anatunza ubeti anaoutaka au ananyima, chama kilichoshindwa kinarudi wiki ijayo na wimbo wa kisasi, kungwi anakatiza wimbo usiofaa. Tamasha kubwa la leo limejenga uzio. Mbele kuna meza za VIP, nyuma kuna watu wa kawaida, katikati kuna mabaunsa, na fedha inakwenda upande mmoja. Misafara inayotoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara huvuka Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 likamaliza adha ya pantoni ya Ndundu, na mara nyingi Kibiti haipati zaidi ya vumbi na honi. Msanii akisimama anaimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, dakika 40, na kuondoka. Watu wakarusha chupa. Magazeti huandika kwamba mashabiki wetu hawana ustaarabu. Sishabikii chupa, zinaumiza watu. Lakini uliyemnyima mtunzaji noti yake ya kusema, ukamnyima ubeti wa kujibu, umemwachia nini cha kufikisha jukwaani?

Kwa sababu hiyo naiweka singeli mahali pa juu kuliko wanapoiweka wengi wa wenzangu. Ni muziki uliotoka uswahilini Dar es Salaam, mtoto wa mchiriku na ngoma za Kizaramo, wenye mapigo 200 na zaidi kwa dakika, na Mbagala, kwenye mabasi ya Rangi Tatu yanayokwenda na kurudi Kibiti na Ikwiriri, ni muziki wa safari. Wapo mastaa wake wanaojulikana nchi nzima, Msaga Sumu na wenzake, na tangu mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege ya Kampala imewapeleka vijana wa studio ya Sisso hadi kumbi za Ulaya. Ila uhai wake uko kwenye shughuli za mtaani, ambako MC anasimama chini, hatua mbili kutoka kwa waliomwalika, anataja majina anayopewa, anabadilisha maneno kwa sababu ya aliyeingia sasa hivi, na mtu akimtunza anajua kwa nini ametunzwa. Mbwembwe zote zipo: miwani, vyeo, majigambo, wapambe. Kilichoongezeka ni kwamba zinajibika. Mwimbaji wa harusi ya Mbwera anayesimamishwa katikati ya ubeti na shangazi wa bwana harusi, aliyekuja kwa mashua na hajasikia ukoo wake ukitajwa, ana kazi ngumu kuliko anayejaza uwanja wa taifa kwa sauti iliyorekodiwa, na mkitaka kujua kama ni msanii msimtazame yeye, mtazameni shangazi atakavyorudi kuketi.